MECHI YA KIRAFIKI SI MIZANI YA KUMPIMIA MTOTO

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Nimeishika kalamu yangu si kuwafundisha maana ya methali hiyo, kwani mwalimu wetu wa Kiswahili amekwisha kuieleza mara nyingi hata wale wanaosinzia nyuma ya darasa wanaijua. Nia yangu ni kutoa maoni kuhusu jambo ambalo limetugawa hapa shuleni muhula wote. Jambo lenyewe ni mpira wa vikapu, na hasa zile mechi za kirafiki baina ya timu za mataifa mbalimbali, pamoja na vijana wa Kichina wanaochipuka katika mchezo huo.

Nyote mnajua mambo yalivyo wakati wa mapumziko ya saa nne. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati yetu. Jioni tunarudi nyumbani, na nyumbani kuna simu ya kaka au ya mjomba. Basi asubuhi kila mtu anakuja na lake. Huyu ameona kipande cha dakika mbili cha mvulana wa Kichina akizima mpira wa Mmarekani, naye anaapa kwamba huyo ndiye atakayewafunika wote. Yule ameona kipande kingine, mvulana yuleyule akianguka chini kama gunia la mahindi, naye anacheka mpaka chai inamtoka puani. Kengele ikilia hakuna aliyemshawishi mwenzake, na kesho yake vita vinaanza upya.

Mimi mwenyewe ni shabiki, tena shabiki sugu. Sisemi tuache kubishana, la hasha! Ubishi ni chumvi ya mchezo. Ninalosema ni hili: tumezoea kuchukua mechi moja ya kirafiki, au kipande kimoja cha mechi, tukakifanya mizani ya kumpimia kijana ambaye hata ndevu hazijamwota vizuri. Mizani hiyo ni mbovu, na tena inaumiza. Nitawaeleza kwa nini.

Kwanza, tuujue mchezo wenyewe. Mpira wa vikapu ulibuniwa na James Naismith katika mji wa Springfield, Marekani, Desemba 1891. Miaka michache tu baadaye, wamishonari wa chama cha YMCA waliufikisha katika mji wa Tianjin, Uchina. Kwa hivyo wale wanaodhani kwamba Wachina wameanza kucheza juzi juzi kwa sababu ya Yao Ming wamepotoka. Wamecheza kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini.

Mechi za kirafiki nazo zina historia yake. Mwaka wa 1979, ule mwaka ambao Marekani na Uchina zilianzisha uhusiano rasmi wa kibalozi, timu ya Washington Bullets iliyokuwa bingwa wa NBA mwaka wa 1978 ilisafiri hadi Uchina kucheza na Wachina. Matokeo hayakuwa hoja kubwa. Hoja ilikuwa kwamba watu waliokuwa wamenuniana kwa miaka mingi walikuwa wakirushiana mpira badala ya maneno makali. Oktoba 2004, timu mbili za NBA, Houston Rockets na Sacramento Kings, zilikwenda kucheza Shanghai na Beijing kabla ya msimu kuanza. Wachina wakajaa uwanjani kumwona kijana wao Yao Ming akicheza nyumbani na timu yake ya ng'ambo.

Naam, urafiki huo una pande zake. Kuna biashara ndani yake, na kuna siasa. Oktoba 2019, kiongozi mmoja wa Houston Rockets aliandika maneno ya kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong. Serikali ya Uchina ilikasirika. Mechi mbili za Lakers na Nets zilichezwa Shanghai na Shenzhen mwezi huohuo, lakini televisheni ya taifa ya Uchina ilikataa kuzionyesha. Baada ya hapo mechi za NBA katika ardhi ya Uchina zilinyamaza miaka sita, mpaka tarehe 10 na 12 Oktoba 2025, Brooklyn Nets na Phoenix Suns zilipokutana Macau.

Isitoshe, kuna mechi za kirafiki ambazo hazikuwa na urafiki wowote. Oktoba 2010, Uchina na Brazili zilikutana kwa mechi ya kirafiki katika mji wa Xuchang, mara ngumi zikaanza kuruka. Agosti 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani walikuwa Beijing wakicheza na timu ya jeshi, Bayi Rockets. Alama zilikuwa 64 kwa 64 katika kipindi cha mwisho. Ghafla uwanja ukageuka ulingo wa ndondi, viti vikarushwa, na mechi ikaishia hapo bila mshindi. Jambo la kufurahisha ni kwamba baadaye wachezaji wa pande zote walikutana wakapatana. Hata hivyo nauliza, je, mechi kama hiyo yaweza kutuambia nani ni mchezaji bora? Inatuambia tu nani ana hasira za mkizi.

Sasa nawasikia wenzangu wa upande wa pili wakinguruma. "Wacha hayo! Mechi ya kirafiki huonyesha ukweli. Tazama mwaka wa 2016!" Hoja hii ina uzito na sitaikwepa. Ni kweli kwamba Julai 2016 Marekani iliifunga Uchina 106 kwa 57 katika mechi ya kirafiki mjini Los Angeles, na siku mbili baadaye 107 kwa 57 mjini Oakland. Halafu zilipokutana kwenye Olimpiki za Rio mwezi wa Agosti, Marekani ikashinda 119 kwa 62. Hapo mechi ya kirafiki ilitabiri sawasawa kama mganga.

Lakini tutazame na ya 2024. Tarehe 20 Julai mwaka huo, jirani zetu wa Sudan Kusini walicheza mechi ya kirafiki na Marekani mjini London. Kufikia mapumziko Sudan Kusini ilikuwa mbele, 58 kwa 44. Marekani iliponea chupuchupu, 101 kwa 100, kwa kikapu alichofunga LeBron James zikiwa zimebaki sekunde chache tu. Hapa shuleni kesho yake tulikuwa tunasema kwamba Wamarekani wamekwisha. Siku kumi na moja baadaye timu hizohizo zilikutana kwenye Olimpiki zenyewe, na Marekani ikashinda 103 kwa 86 bila jasho jingi. Basi mara hii mganga alikosea. Ndugu zangu, mizani inayosema kweli leo na uongo kesho si mizani. Mwenye duka akiwa na mizani ya namna hiyo, wakaguzi humfungia duka.

Kama timu nzima ya watu wazima haiwezi kupimwa kwa mechi moja ya kirafiki, vipi mtoto mmoja?

Chukueni mfano wa Yao Ming mwenyewe. Alizaliwa Shanghai mwaka wa 1980, wazazi wake wote wawili wakiwa wachezaji wa mpira wa vikapu. Akiwa na umri wa miaka kumi tu alikuwa na urefu wa meta 1.65, na madaktari wa michezo wakampima na kubashiri kwamba angefika meta 2.21. Walikosea kidogo, kwani alifika 2.29! Mwaka wa 2002 alichaguliwa wa kwanza kabisa miongoni mwa vijana wote waliokuwa wakiingia NBA. Dunia nzima ikakaa kitako kumtazama. Katika mechi yake ya kwanza, mnajua alifunga pointi ngapi? Sufuri. Alicheza dakika 11, akadaka mipira miwili iliyorudi, basi.

Mashabiki wakacheka. Hata wataalamu wa televisheni walicheka. Charles Barkley, mchezaji maarufu wa zamani, aliahidi mbele ya kamera kwamba Yao akifunga pointi 19 katika mechi moja msimu huo, yeye atambusu mtangazaji mwenzake mahali ambapo siwezi kupataja mbele ya walimu. Haikupita hata wiki nzima, Yao akawafunga Lakers pointi 20, tena bila kukosa hata mpira mmoja aliorusha, tisa kwa tisa. Kwa kuwa neno lile alilolitumia Barkley katika Kiingereza lina maana pia ya punda, alisamehewa aibu kubwa na kuletewa punda studioni. Akambusu punda hadharani! Ningependa kila shabiki anayemkatia hukumu kijana kwa mechi moja awe anaikumbuka picha hiyo kabla ya kufungua mdomo.

Yao aliendelea hadi akachaguliwa mara nane kucheza katika mechi ya nyota wa NBA, na mwaka wa 2016 jina lake likaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Lakini hapa kuna upande ambao mashabiki hawaupendi. Majira ya baridi alichezea Houston. Majira ya joto, badala ya kupumzika, alichezea taifa lake. Februari 2008 mfupa wa mguu wake ulipata ufa. Olimpiki za Beijing zilikuwa zinakuja Agosti, na taifa zima lilikuwa likimngoja. Akajitahidi kupona upesi, akabeba bendera siku ya ufunguzi, na katika mechi dhidi ya Marekani yeye ndiye aliyefunga kikapu cha kwanza, mpira wa pointi tatu, uwanja ukalipuka. Uchina ilishindwa 101 kwa 70. Msimu uliofuata mguu ukavunjika tena. Alikosa msimu mzima wa 2009 hadi 2010, akarudi akacheza mechi tano tu, na Julai 2011 akastaafu. Alikuwa na umri wa miaka 30. Mwalimu wetu wa hesabu ana umri zaidi ya huo na bado anakimbia mbio za walimu siku ya michezo!

Simlaumu yeyote kwa jina. Nasema tu kwamba mguu wa mtu ni mfupa, si chuma, hata kama mtu huyo ana meta 2.29 na watu zaidi ya bilioni moja wanampigia makofi.

Wako wengine pia. Wang Zhizhi ndiye Mchina wa kwanza kucheza NBA, aliingia uwanjani Aprili 2001 na Dallas Mavericks. Mwaka uliofuata hakurudi nyumbani kufanya mazoezi na timu ya taifa, akafukuzwa kwenye timu hiyo, na hakurudi Uchina mpaka 2006. Yi Jianlian alichaguliwa wa sita mwaka wa 2007 na Milwaukee Bucks. Mashabiki wa Marekani walimdhihaki kwa sababu alipokuwa akionyesha ufundi wake faraghani kabla ya kuchaguliwa, alikuwa akikizunguka kiti badala ya mchezaji. Kila alipokosa kikapu walisema, "Kiti kingefunga hicho!" Ni kweli kwamba Marekani hakung'ara walivyotarajia. Lakini Yi huyohuyo alilichezea taifa lake katika Olimpiki nne, kuanzia Athens 2004 hadi Rio 2016. Je, huyo ni mtu wa kuchekwa na mimi ambaye sijawahi kuvuka hata robo fainali za wilaya?

Sasa tuje kwa vijana wa siku hizi, wale wanaotuchemsha damu wakati wa mapumziko. Yang Hansen alizaliwa Juni 2005 katika mkoa wa Shandong, akachezea Qingdao. Tarehe 25 Juni 2025, siku moja kabla ya kutimiza miaka ishirini, alichaguliwa wa kumi na sita, naye akaenda Portland Trail Blazers. Wengi hawakutarajia angechaguliwa mapema hivyo. Usiku ule mashabiki waliuliza, "Huyu ni nani?" Majuma machache baadaye, katika ligi ya majira ya joto mjini Las Vegas, ambayo nayo ni mechi za kujaribu vijana tu, alifunga pointi 10, akatoa pasi tano za kufungia na kuzima mipira mitatu katika mechi yake ya kwanza. Lo! Waliokuwa wakiuliza ni nani sasa walimwita Jokić wa Uchina. Msimu wenyewe ulipoanza akawa anapewa dakika chache, kama wanavyopewa wageni wengi, walewale wakageuka tena na kusema ni bure. Kwa muda wa miezi sita kijana mmoja ameitwa asiyejulikana, mfalme, na takataka. Yeye mwenyewe hakubadilika. Ni midomo yetu iliyobadilika.

Cui Yongxi naye alipata nafasi Brooklyn Nets mwaka wa 2024. Desemba mwaka huohuo akaumia goti vibaya na safari yake ikakatizwa. Hapo napo kuna waliocheka. Kucheka goti la mtu, jameni!

Na msidhani ni wavulana pekee. Zhang Ziyu, msichana aliyezaliwa mwaka wa 2007, ana urefu wa zaidi ya meta 2.20. Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 17, alicheza katika mashindano ya Asia ya wasichana wa chini ya miaka 18 mjini Shenzhen. Picha zake zilienea kama moto wa nyika kwa sababu alikuwa akipokea mpira na kuuweka kikapuni bila hata kuruka. Mengi yaliyosemwa juu yake naona aibu kuyaandika. Waliuliza kama ni binadamu. Walisema eti angepigwa marufuku. Katika fainali dhidi ya Australia alifunga pointi 42, peke yake, na bado Uchina ikashindwa 96 kwa 79. Hebu tafakarini. Msichana wa rika letu anafunga pointi 42 katika fainali, anashindwa, na watu bado wanamwambia kwamba kwake ni rahisi. Urefu umemsaidia, sikatai. Lakini kama urefu ungetosha, kombe lingekuwa lake. Mwaka uliofuata, 2025, aliitwa kuichezea timu ya wakubwa, na naamini hakuitwa kwa sababu ya kupimwa kwa futikamba peke yake.

Wale wanaoamini kwamba mchezo huu ni urefu na wingi wa watu tu, nawakumbusha ya Manila. Agosti 2023, katika Kombe la Dunia, Sudan Kusini iliichapa Uchina 89 kwa 69. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka wa 2011 tu, na vijana wake walikuwa hawana uwanja wa ndani wa kufanyia mazoezi nyumbani kwao. Uchina ina viwanja visivyohesabika. Ushindi ule ulitokana na mpango na mshikamano chini ya Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA aliyechukua uongozi wa chama chao. Mmoja wa vijana wa Sudan Kusini, Khaman Maluach, alikulia Uganda kama mkimbizi na hakuanza kucheza mpaka alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na mitatu. Yeye na Yang Hansen walichaguliwa usiku uleule wa Juni 2025, Maluach wa kumi na Yang wa kumi na sita, na Suns iliyocheza Macau ndiyo timu aliyokwenda Maluach. Hapa shuleni tunambeba Maluach kwa sababu ni wa kwetu, kisha tunamzomea Yang kwa sababu si wa kwetu. Wote wawili ni vijana walioondoka makwao mapema, wakajifunza lugha ya watu, na kusubiri zamu yao wamekaa kwenye benchi. Mimi naona wanafanana kuliko wanavyotofautiana.

Na Uchina haikulala baada ya Manila. Agosti 2025, katika Kombe la Asia mjini Jeddah, Wachina walifika fainali bila Yang na wakashindwa na Australia kwa pointi moja tu, 90 kwa 89. Kutoka kufungwa kwa pointi 20 hadi kulikosa kombe kwa pointi moja ni safari ya miaka miwili. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Pengine mtaniuliza, "Kijana, ya Uchina yakuhusu nini? Kwani wanakusikia huko?" Swali zuri. Hawanisikii. Lakini kuna mmoja aliyenisikia, na ndiye aliyenifanya niandike makala haya.

Muhula wa kwanza mwaka huu, tulipokea mvulana wa kidato cha kwanza, mrefu kupita walimu wote. Sitamtaja jina, mnamjua. Siku ya kwanza tu tulimvamia tukamwambia yeye ndiye Yao Ming wetu. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuushika mpira wa vikapu. Majuma mawili baadaye tulikuwa na mechi ya kirafiki na shule jirani, akatiwa uwanjani. Maskini, mpira ulimponyoka mara tatu. Mara ya nne aliudaka vizuri, akageuka na kuurusha kwenye kikapu chetu wenyewe. Tulicheka. Mtu mmoja pembeni akapaza sauti, "Huyu ni mlingoti wa bendera, mrudisheni ofisini!" Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Kuanzia siku ile wanamwita Mlingoti, na hajakanyaga uwanja tena. Saa kumi, wenzake wanapobadilisha viatu, yeye huchukua mkoba na kutoka langoni ameinamisha mgongo, kana kwamba anataka kupunguza urefu aliopewa na Mungu.

Aliyepaza sauti ile alikuwa mimi.

Siku chache baadaye nilisoma kwamba Yao Ming alimaliza mechi yake ya kwanza na sufuri. Nikafikiri, kama kungekuwa na mtu kama mimi katika timu yake, wa kumpa jina la dhihaka kila siku langoni, je, angefika mechi ya pointi 20? Huenda angefika, kwani alikuwa na walimu, madaktari na wazazi wachezaji. Huyu wetu alikuwa na sisi tu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinijibu, "Hakuna neno, kaka," halafu akaendelea na safari yake. Nadhani neno lipo.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, nina mapendekezo matatu. La kwanza, tunapobishana juu ya wachezaji, tuulize kwanza umri wake na amecheza mechi ngapi za ushindani, ndipo tutoe hukumu. Kipande cha dakika mbili kwenye simu ni kionjo tu, na hakuna aliyeshiba kwa kionjo. La pili, mechi za kirafiki za shule yetu ziwe za kirafiki kweli. Ziwe ndizo nafasi za kukosea, kwa maana mtu asipokosea kwenye mechi ya kirafiki atakosea wapi? Kwenye fainali? Nawaomba walimu wetu wa michezo watusaidie kuweka sheria kwamba anayemzomea mchezaji wa kwetu akae nje ya uwanja. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kukaguliwa. La tatu, tusimchague mtu kwa futikamba. Tumfundishe kwanza kudunda mpira, kupiga pasi, kusimama vizuri chini ya kikapu, halafu tuone. Mrefu naye huanza na kujifunza, sawa na mfupi.

Najua wapo watakaosema kwamba mchezo bila utani haunogi, na kwamba mchezaji wa kweli lazima awe na ngozi ngumu. Nakubali nusu. Wale wanaolipwa mamilioni watajizoesha kuzomewa, ni sehemu ya kazi yao. Lakini ngozi ngumu huota polepole, haipatikani siku ya kwanza. Tena utani ni wa wanaojuana. Ukimtania usiyemjua, huo si utani tena, ni tusi lenye kicheko.

Wapenzi wasomaji, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Yang Hansen aachwe akue. Zhang Ziyu aachwe awe msichana kwanza, mchezaji baadaye. Nawe mdogo wangu wa kidato cha kwanza, kama unasoma ukurasa huu, mimi na wenzangu wawili huwa uwanjani kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na robo, kabla watazamaji hawajaja. Mpira upo. Hatutahesabu unaokosa.

Kalamu yangu naiweka chini.